Nyaya Tulizozifumua

Mume wangu alirudi kutoka Bulwa akiendesha gari la wagonjwa. Shamba la chai alilolitumikia tangu ujana lilikuwa limepata wenyewe wapya, na wenyewe wapya walikuja na madereva wao. Vitu chakavu vikapigwa mnada. Wenzake walionunua walinunua mabati na mapipa. Yeye akanunua lile gari, la bodi ndefu kama kasha, ambalo kwa miaka mingi alikuwa akiliteremsha milimani likiwa na wachumaji waliovunjika miguu na akina mama wenye uchungu.

Alilipandisha kutoka Mombo mchana kutwa, akilipumzisha kila baada ya kona chache. Alipofika nyumbani kwetu, chini kidogo ya mji wa Lushoto, mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti na yeye anatabasamu kama bwana harusi.

"Utalifanyia nini?" nikamuuliza.

"Bado sijajua," akasema. "Lakini nisingeweza kuliacha kule."

Mama mkwe wangu, mtu wa Vuga asiyependa maneno mengi, alilizunguka, akaligonga ubavuni kwa fimbo yake. "Wanaingia watu wangapi wakiwa wamelala?"

"Wawili, mama."

"Basi ni nyumba," akasema, akarudi jikoni.

Nadhani hapo ndipo wazo liliponiingia. Mimi ni fundi cherehani. Nilifundishwa na shangazi yangu, na kwa muda mrefu nilishonea kwenye baraza ya duka mjini. Miaka ile ya uhaba kitambaa kilipatikana kwa foleni na kwa kujuana, na mtu aliyepata gauni jipya alinishukuru kama niliyemponya ugonjwa. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yakajaa mabeseni, redio, betri, viatu vya plastiki, na marobota ya mitumba yakawa yanafunguliwa sokoni asubuhi watu wakiyasubiri. Gauni zima na zipu yake liliuzwa kwa bei ambayo isingetosha hata uzi wangu. Sikuwalaumu wateja. Mimi mwenyewe nilivaa sweta la mtumba, na lilikuwa la joto.

Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho mtumba haukukiweza, nacho ni sare za shule. Huko Mlola, Rangwi na Mtae mafundi walikuwa wachache. Wazazi walishuka hadi Lushoto juu ya malori ya kabichi kutafuta sketi ya buluu na kaptula ya kaki. Nikamwambia mume wangu, wasije wao, twende sisi. Tuweke cherehani humo ndani, tuweke na kitanda, tufuate magulio. Tukimaliza gulio la kijiji hiki tunahamia la kijiji kingine, tunalala humohumo. Watoto wetu wawili wa kike wangebaki kwa bibi yao wasome.

"Unataka tuishi barabarani," akasema.

"Nataka tufanye kazi."

Siku chache baadaye nikaamka kwa kishindo cha nyundo. Alikuwa ameshang'oa vyuma vya kuwekea machela, anapima ubavu wa gari kwa kamba, anatafuta mahali pa kitanda.

Mbao tulipata kwa mpasuaji wa Magamba. Kitanda kilikuwa na mfuniko, chini yake tukiweka vitambaa. Cherehani niliifunga sakafuni kwa bolti ili isitembee kwenye mteremko. Pazia likatenganisha kiti cha dereva na chumba. Tatizo likabaki nyaya. Panya wa Bulwa walikuwa wamezitafuna zote, na zile ambazo panya walizikataa zilikuwa zimekakamaa, ukizikunja zinakatika.

Sasa, lazima mtu aelewe mume wangu alitoka wapi. Kule shambani, katika miaka ya uhaba, aliliendesha gari la wagonjwa kwa nyaya zilizofungwa na vipande vya tyubu ya baiskeli. Aliwahi kuondoa waya kwenye kengele ya ofisi ili taa za mbele ziwake. Kuingia dukani na kuuliza waya, na muuzaji akakuuliza unataka rangi gani, kwake ilikuwa ndoto. Alikwenda mjini asubuhi, akarudi na mfuko mkubwa, akanitolea kimoja kimoja juu ya kitanda. Misokoto ya waya mwekundu, mweusi na wa manjano. Soketi za balbu. Na nyaya za kubusti, zile mbili nene zenye vibano kila mwisho, za kuazimia nguvu kwenye betri ya gari jingine lako likigoma. Zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu, na juu ya mfuko kulikuwa na picha ya familia ya Kizungu ikicheka kando ya gari lililoharibika.

"Zimetoka Dubai," akasema. "Na bei yake ni ya kitoto."

Nilizishika. Zilikuwa nene kama kidole gumba na zilinukia upya. Nilifurahi pamoja naye. Baada ya miaka ya kukosa, hatukuwa na mazoea ya kuuliza kitu kimetengenezwa kwa nini. Kuwepo kwake tu kulitutosha.

Kwa muhula mmoja na nusu maisha yalikuwa mazuri. Nilishona mlango ukiwa wazi, na giza lilipoingia mapema kwa ajili ya ukungu niliwasha balbu juu ya cherehani nikaendelea. Wanawake waliokuja kupimwa walipanda ngazi, wakakaa kitandani, wakatazama huku na huku. "Hata redio imo," walisema. Mume wangu alijifunza kukata kaki na kutia vifungo. Alikuwa na mkono mzuri wa vifungo kuliko mimi.

Kisha ikaja asubuhi ile ya Lukozi.

Kamati ya wazazi ya shule moja ng'ambo ya kilima ilikuwa imetupa kazi ya sare za watoto wote wa darasa la kwanza. Shule ilikuwa inafunguliwa siku ile, na ilijulikana kwamba mtoto asiye na sare angerudishwa nyumbani. Tulikuwa tumelala uwanja wa soko, bondeni, penye matope. Sare zilikuwa tayari, zimefungwa mafurushi, zimejaa kitandani na chini yake. Ilikuwa asubuhi ya baridi, majani ya kabichi yana umande mweupe. Mume wangu akasema bismillahi, akawasha. Gari likakohoa mara moja likanyamaza. Taa tulizoshonea tangu juzi zilikuwa zimeinywa betri yote.

Hakufadhaika. Alitoa ule mfuko wenye picha, akamfuata dereva wa lori la kabichi lililokuwa linapakia, mtu wa makamo aliyejitanda blanketi.

"Kaka, habari za asubuhi. Naomba moto kidogo."

"Sogea, nije," dereva akasema. Akasogeza lori hadi pua kwa pua na gari letu. Alipoziona zile nyaya akazigeuza kiganjani. "Mpya hizi?"

"Mpya kabisa. Leo ndiyo kuzifungua."

"Haya," akasema, akafungua boneti ya lori.

Wakazifunga. Mume wangu akaingia akawasha. Selfu ya kuwashia injini ikazunguka kidogo, kwa uvivu, kama mtu anayejaribu kunyanyua gunia lisilo lake. Akawasha tena. Kibano kimoja kikateleza, meno yake yamepinda kama bati la kopo. Akashuka, akamwomba dereva wa lori aingie kuwasha, na yeye akakikandamiza kile kibano kwa mkono.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa nyuma. Niliusikia mlio wa selfu, halafu nikasikia harufu, ile ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na moto. Nikatazama mbele. Ngozi nyekundu ya waya ilikuwa inalegea, inashuka matone. Mume wangu akaachia mkono na kuukumbatia kifuani. Na papo hapo, nyuma yangu, ndani ya nyumba, moshi mweusi ukatoka kwenye ubao wa ukutani, juu kidogo ya kitanda.

"Zima," nikamwambia dereva. "Kuna moto ndani."

Baadaye mume wangu alinieleza kilichotokea. Injini inahitaji waya mnene wa kuifunga na bodi ili umeme urudi. Ule wa zamani ulikuwa umeoza, na mahali pake alifunga waya mwingine wa dukani, nao uliokuwa mnene kwa macho tu. Ulipozidiwa ukakatika, na umeme ukatafuta njia nyingine ya kurudi, ukapita kwenye nyaya nyembamba za taa zangu. Lakini pale uwanjani sikujua hayo. Nilijua kwamba sare za watoto ziko kitandani na ukuta unatoa moshi.

Nikaingia. Nikashika furushi la kwanza, nikalitupa nje kwenye matope. Nikatupa la pili. Wanawake waliokuwa wanapanga karoti waliacha karoti zao wakaja, wakawa wanadaka mafurushi kabla hayajaanguka. Mmoja alipanda, akavua mtandio wake, akauchovya kwenye ndoo yake ya maji, akaukandamiza pale ukutani. Mume wangu kwa mkono mmoja alifungua kibano cha betri na kukitupa mbali. Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukakoma. Ubao ulikuwa umeungua kiasi cha sahani. Furushi moja la sketi lilikuwa na matundu. Mengine yalikuwa mazima, yananuka.

Tukasimama tunakohoa. Mume wangu aliuficha mkono wake mfukoni. Nikautoa, nikautazama, kiganja kimeng'oka ngozi. Nikaukosha kwa maji ya baridi, nikaufunga kwa kitambaa cheupe cha mashati.

"Tumekwisha," akasema taratibu.

Mimi nilikuwa nahesabu mafurushi kwa macho. Nikawauliza wale wanawake nani anatoka upande wa ile shule. Watatu walitoka huko, na bidhaa zao walikuwa wameshaziuza kwa wenye lori. "Nisaidieni kubeba," nikasema. "Nani hataki mwanawe arudishwe leo?" Mmoja akacheka. Wa kwake alikuwa darasa la kwanza.

Tukapandisha kilima na mafurushi kichwani. Ile njia ni ya kupinda magoti, na mimi kwa miaka nilikuwa mtu wa kukaa kitako. Nilipumzika mara nyingi kuliko wenzangu, lakini sikutua mzigo. Tulifika watoto wakiwa bado uwanjani wamepanga mstari. Mwalimu mkuu akachukua shati moja, akalinusa.

"Mama, mbona zinanuka moshi?"

"Shikamoo, mwalimu. Gari letu limeshika moto. Zikifuliwa harufu itatoka. Mshono hautatoka."

Akanitazama, masizi usoni na miguu ya matope. "Marahaba," akasema, akageuka akaanza kuwaita watoto mmojammoja. Sketi zilizotoboka niliahidi kuzishona upya, na wale wasichana akawaruhusu waingie na gauni zao za nyumbani.

Niliporudi Lukozi jua lilikuwa limepasha. Wapakiaji wa kabichi walikuwa wamelisukuma gari letu kutoka bondeni hadi barabarani, na kwenye mteremko likawaka. Mume wangu alikuwa amekaa ngazini, injini inanguruma nyuma yake, anaogopa kuizima.

"Nimefikiri," akasema. "Liuzwe. Kuna watu Korogwe wananunua chuma. Nitatafuta udereva."

"Haliuzwi."

"Lingekuunguza ukiwa umelala."

"Halikuniunguza. Twende nyumbani."

Tukaenda mpaka Lushoto bila kuizima injini.

Kesho yake niliziweka zile nyaya za kubusti juu ya meza yangu ya kukatia. Nikachukua wembe, nikaupasua ule unene. Ngozi ikafunguka, ikaendelea kufunguka, plastiki tupu, mpaka katikati kabisa nikakuta kifungu cha nyuzi kisichozidi utambi wa kibatari. Nikamwita mume wangu. Akachutama, akazitazama.

"Ni shaba, lakini chache," akasema.

Nilikwangua uzi mmoja kwa ncha ya wembe. Wekundu ukatoka kama rangi ya kucha, chini ukabaki mweupe. Fundi cherehani yeyote ana sumaku ya kuokotea sindano zinazoanguka sakafuni, na yangu ilikuwa hapo kando ya mkasi. Niliisogeza. Zile nyuzi zikainuka zenyewe, zikanata.

Shaba hainati kwenye sumaku. Hilo hakuhitaji kuniambia.

Alikaa chini kabisa, mkono wake wenye bandeji juu ya goti, na kwa mara ya kwanza tangu jana nikamwona anacheka, kicheko cha bila sauti. "Mimi dereva mzima," akasema, "nimenunua chuma kilichopakwa rangi."

"Tulinunua wote," nikasema. "Sasa tuzifumue."

Alikubali kuondoa ile iliyoungua na ile ya injini. Mimi nilitaka zote. Hapo ndipo tulipobishana hasa, kwa siku kadhaa, mpaka mama mkwe akauliza kama tumeanza kuuana.

"Nyingine zinafanya kazi," mume wangu alisema. "Kwa nini uondoe kitu kinachofanya kazi?"

"Ukigundua uzi ni mbovu baada ya kwapa moja kuachia, unangoja kwapa la pili?"

"Hili si shati."

"Ndiyo maana. Shati halina kitanda ndani."

Nikatia sumaku kwenye pochi nikaenda dukani. Mwenye duka alikuwa kijana mstaarabu. Nilimsalimu, nikamweleza yaliyotupata bila kupandisha sauti, nikamwomba niguse bidhaa zake. Akaniruhusu. Nikapitisha sumaku kwenye misokoto ya waya mmoja baada ya mwingine, pale ncha zilipokuwa wazi. Baadhi zilinata, baadhi hazikunata. Watu wakaanza kusogea kutazama.

"Dada, utanifukuzia wateja," akasema kwa sauti ya chini.

"Nionyeshe ulicho nacho kizuri, niwaambie na hao wateja."

Alisita. "Mimi nauza kinacholetwa. Watu wanataka bei ndogo. Nikileta kizuri kinakaa." Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa msokoto wenye vumbi, waya mnene wa kweli, umefungwa kwa gazeti. Ulikuwa mzito hata kuupokea. Nikausogezea sumaku, haukutikisika. Nilimwambia aniwekee, nisimwone amempa mtu mwingine. Niliuza sweta langu na meza ya ziada ili niuchukue, na mwenye duka akanipunguzia bila mimi kuomba.

Nyaya za kubusti tulitengeneza wenyewe. Fundi wa kuchomelea wa Soni alikuwa na waya wa mashine yake uliochubuka katikati, hauwezi tena kumfaa. Mume wangu alikata vipande viwili vizima, akavitia vibano vizito vya shaba kutoka kwenye gari bovu. Havikuwa na rangi ya kupendeza. Kimoja tulikifunga kitambaa chekundu ili tusikosee.

Kazi ya kufumua ilichukua mvua zote za masika, kwa sababu mkono wake ulikuwa haujapona na mimi sikujua lolote. Yeye alielekeza, mimi nikavuta. Nililala chini ya gari juu ya gunia, matope yananiingia nyweleni, nikipitisha waya pale aliponiambia, nikiufunika kila unapogusa chuma kwa mikanda ya kaki iliyopakwa nta, niliyoishona mwenyewe. Kila njia ya taa tukaitia fyuzi yake. Mahali pa kurudishia umeme wa injini tulikwangua kutu mpaka chuma kikang'aa kabla ya kukaza bolti. Siku nyingine vidole viliganda nikatamani kuacha, na yeye akasema tupumzike, na mimi nikasema tumalize huu mmoja.

Sikuondoa kila kitu cha bei ndogo. Waya wa redio niliuacha, kwa sababu redio inakula umeme kidogo mno na ule waya haukuwahi hata kupata joto. Soketi za balbu zilikuwa nzuri, ziko mpaka leo. Watu wengi wameniuliza tangu hapo, madereva na wenye malori ya mboga wanaolala barabarani, kama vile vya bei rahisi vinafaa. Nawaambia inategemea utavitumia wapi. Waya wa kuleta sauti ya taarab, nunua wowote. Waya wa kuamsha injini, au wa kupita pembeni ya kitanda chako, uushike, uupasue, uujue moyo wake ukoje, na kama huna fedha za ulio mzuri, kaa na kandili mpaka uzipate. Ndivyo tulivyofanya. Kwa muda wa masika yale nilishona kwa kandili.

Tulirudi barabarani mvua zilipokatika. Kituo cha kwanza kilikuwa Mtae, mwisho wa milima, pale ambapo ukisimama ukingoni unaona nyika yote ya chini hadi Kenya. Tulilala vibaya, upepo unaligonga gari. Asubuhi kulikuwa na baridi kali, na mume wangu alikaa kwenye kiti akiwa ameshika ufunguo bila kuuzungusha.

"Washa," nikamwambia kutoka nyuma ya pazia.

Mara ya kwanza halikukubali. Mara ya pili selfu ilizunguka sawasawa na injini ikashika. Niliweka kiganja changu ukutani, kwenye ubao mpya, nikaupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa wa baridi kama mawe ya nje.

"Twende?" akauliza.

"Ngoja," nikasema. "Kuna mama anakuja na wanawe wanne, nataka niwapime kabla hatujaondoka."

Akaiacha injini ikinguruma, akateremka kuwafungulia mlango.